Mbithi Bila Kioo

Asiniambie mtu kwamba nilikuwa mwoga. Najua nilikuwa mwoga. Mwaka ule wa sabini na tano, nionyesheni Nairobi nzima aliyekuwa si mwoga, nami nitakwenda mpaka kwake kumpa mkono.

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha wachoraji wa chaki. Si chaki za shule, la. Hizi ni chaki laini za rangi, ukishazishika hata wali unaula na samawati kwenye kucha. Kila Agosti tulifanya maonyesho mjini, katika ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mwenyekiti wetu, Bwana Sifuna, alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kama roho yake: picha haipulizwi dawa. Ipo dawa ya kugandisha rangi kwenye karatasi, lakini yeye alisema inaua rangi. Basi picha zetu zilikuwa vumbi tupu lililokaa juu ya karatasi, na kioo hakiwekwi mpaka yeye mwenyewe azikague zote asubuhi ya ufunguzi. Tulizibeba kwa kubana pumzi.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya ufunguzi, akaja Nzula, mwanachama wetu, na picha yake. Alitoka mtaa wa Jamhuri kwa miguu, ameilaza juu ya mikono miwili kama sinia, kwa kuogopa mtikisiko wa basi. Nikafunua karatasi nyembamba iliyoifunika, moyo ukanipasuka paa! Alikuwa Mbithi, mumewe, ameketi mezani na kikombe cha chai.

Mbithi alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi. Mwezi wa Aprili walikuja watu na gari lisilo na namba, wakamchukua akiwa na kandambili miguuni. Nzula alizunguka kila kituo na kote aliambiwa hakuna mtu kama huyo. Baada ya wiki wakarudi walewale, wakakusanya kila picha yenye sura yake, ya harusi, ya kazini, hata ile ya timu ya mpira. Hawakumwachia hata moja. Usiku uleule Nzula akakaa na chaki zake, akamchora kabla hajamsahau.

"Mama Munir," akaniambia, "mtoto wangu hata kutembea bado. Akikua nitamwonyesha nini? Ni hii tu."

"Na hii tu ndiyo unaileta mbele za watu? Nzula, una wazimu?"

"Wanasema hakuna mtu kama huyo. Nataka watu wamwone. Si huyu hapa?"

Nikaitundika, namba ishirini na saba, naye akarudi kwa mtoto wake. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na moyo ambao mimi sikuwa nao.

Saa sita Bwana Sifuna akaingia anahema, jasho limemlowesha kola.

"Bi Mabruka, mgeni rasmi amekubali! Waziri mdogo mwenyewe! Watu wake wa usalama wanakuja saa nane kukagua ukumbi na picha zote. Orodha nimeshawapelekea." Halafu macho yake yakaangukia namba ishirini na saba. Akakitoa kitambaa chake akajifuta shingo.

"Sijaiona hiyo," akasema. "Umenisikia? Mimi sijaiona."

"Bwana Sifuna, sasa nifanyeje?"

"Nakwenda Spring Valley kuchukua picha za yule mama Mzungu." Akashuka ngazi mbilimbili, mtu mwenye kiuno kibovu! Mwanamume mzima, akaniachia mzigo ule peke yangu.

Nikabaki na picha arubaini na moja. Niishushe? Orodha wanayo: namba ishirini na saba, Mwanamume Mezani. Wangeuliza iko wapi. Niifiche stoo? Stoo haina kufuli, na watu wale kazi yao ni kufungua milango. Niigeuze ukutani? Ingejifuta yenyewe. Nikamwaza mwanangu Munir, kijana wa posta, anatoka kazini kule Ngara, na gari lisilo na namba linamsubiri mlangoni. Saa nane haijafika, nikasikia mlango wa chini umefunguliwa, na sauti za wanaume.

Sikufikiri tena. Niliweka kiganja juu ya uso wa Mbithi nikazungusha mara tatu. Mara tatu tu! Karatasi haikutoa hata sauti. Koti likabaki, kikombe kikabaki, mikono ikabaki, na juu ya kola pakabaki wingu la kahawia.

Waliingia wawili, mmoja mrefu, mmoja mnene mwenye koti la kijivu. Walitazama nyuma ya mapazia, wakafungua stoo kama nilivyojua. Kisha wakaanza picha, moja baada ya nyingine, yule mnene akisoma orodha kwa kidole. Maua. Twiga. Farasi wa maonyesho ya kilimo. Walipofika ishirini na saba nilikuwa nimeficha mkono wa kulia ndani ya kanga, na kiganja kimejaa rangi ya Mbithi.

"Huyu nani?" akauliza yule mnene.

"Si mtu. Haijakwisha."

"Na kesho ndiyo ufunguzi?"

"Wachoraji, bwana. Mpaka dakika ya mwisho."

Alisogea karibu kabisa, pua inakaribia karatasi. Nilijua akiniuliza neno moja zaidi nitasema kila kitu. Akageuka akacheka, "Na mimi naweza kuchora hivyo." Wakaandika kitu, wakaondoka. Nikakaa sakafuni, nikalia kwa hofu, na kwa aibu pia.

Jumamosi Nzula alikuja saa mbili asubuhi, kabla ya wageni kufika. Nilikuwa nimejitungia uongo usiku kucha: upepo wa dirishani, mfagiaji, paka. Alifika mbele ya picha yake. Alisimama tu, na mkoba wake ukateleza begani mpaka kwenye kiwiko.

"Ni mimi," nikasema. Uongo wote ulinikimbia. "Watu wa usalama walikuwa wanapanda ngazi. Nilimwogopea Munir. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Alifungua boksi la chaki, akachagua kahawia mbili na nyekundu moja, akaanza. Paji la uso likaja. Masikio yakaja, makubwa kidogo. Nikashukuru Mungu moyoni, nikasema, anamjua huyu, ameishi naye miaka sita, atamrudisha sasa hivi. Nikasimama nyuma yake kama mtoto anayengoja kupikiwa.

Kisha mkono ukasimama. Akachora jicho, akalifuta kwa kidole. Akachora tena, akalifuta. Akajaribu mdomo. Ulikuwa mdomo wa mtu yeyote, wa karani yeyote unayempita barabarani. Akaanza kupumua kwa nguvu.

"Aprili nilikuwa naye kichwani mzima," akasema. "Nikifumba macho tu nilikuwa naye. Halafu nikawa naitazama picha. Kila siku picha tu."

"Pumzika kidogo. Atakuja."

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuiona hata alipokuwa akizunguka vituoni kumtafuta mumewe.

"Mama Munir, wewe ndiye uliyemwona mwisho, hapahapa, karibu hivi. Niambie basi. Mdomo wake ulikuwaje?"

Nilitafuta kichwani, wallahi nilitafuta.

"Sikumtazama," nikasema. "Nilikuwa nikiutazama mlango."