Ng'ombe Aliyekondeshwa kwa Brashi

Siku hizi wako watu wanaosimulia habari ya kitambaa cha gulio la Omurushaka, huku kwetu Karagwe, kana kwamba walikuwepo. Wengine hata hawakuwa wamezaliwa. Mimi nilikuwepo, tena ndiye niliyeshika nguzo ya kushoto, kwa sababu wiki ile nilikuwa nafanya kazi ya adhabu kwa kosa la kuuliza swali barazani. Swali lenyewe lilikuwa fupi: kama josho la ng'ombe ni kwa faida yetu, mbona tunapelekwa na askari? Jibu lake likawa jembe, na baada ya jembe, nguzo. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Mwenye kitambaa alikuwa Projest, mchoraji. Mwaka ule, 1953, alikuwa mchoraji wa watu wote na si mwajiriwa wa mtu yeyote. Aliandika majina kwenye masanduku ya maharusi, akachora maua kwenye misalaba ya makaburi, akachora birika na taa ya chemli kwenye ukuta wa duka la Yustus ili hata asiyejua kusoma ajue ndani kuna nini. Malipo yake yalikuwa ndizi, maharage, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku ya bahati kuku. Ndizi zilimjaa hadi mlangoni, lakini chumvi alikuwa anaomba kwa jirani.

Kila Jumatatu alivaa koti lake, lile moja, akaenda kuomba kazi ya kudumu. Alikwenda kwenye ghala la kahawa, akaenda shuleni, akaenda kwa kila tajiri wa Bukoba aliyefungua duka huku kwetu. Wote walimwambia, "Tutakuita." Sijui walipanga kumwita kwa ngoma au kwa filimbi, maana sauti yao haijafika mpaka leo.

Nao ufundi alikuwa nao, na majivuno ya kuutosha. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kuchora mtu tu. Kila mtu aliyemchora alikuwa mtu fulani. Kanisani kwetu aliwahi kupewa kazi ya kumchora malaika amemkanyaga shetani. Malaika alitoka vizuri. Lakini Jumapili watu walipoingia, wakamwona shetani, wakageuka kumtazama mzee Rwegoshora aliyekaa benchi la mbele. Pua ileile, upara uleule, na lile jicho la kulia linalofumba lenyewe.

"Mzee, umefanya nini huko chini?" mama mmoja akamnong'oneza.

Projest aliapa kwamba hakumkusudia. Alisema mkono wake ulikuwa unatafuta sura ya mtu mwenye hasira, ukaikuta hiyo iko karibu. Katekista akamwambia auchukue mkono wake aende nao.

Sasa, njaa ya chumvi mtu anaizoea. Kilichomnyima raha Projest ni Kemigisha, binti wa Kashaija wa Rugera. Walikuwa wamependana, na msichana mwenyewe hakuficha. Mwenye neno alikuwa baba. Kashaija alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama sisi, lakini moyo wake ulikuwa zizini, kwa ng'ombe wake mmoja jike aitwaye Bihogo, mwekundu wa rangi iliyoiva, pembe ndefu kuliko mikono ya mwenyewe. Ukifika kwa Kashaija ulimwamkia yeye, kisha ukauliza hali ya Bihogo, ndipo ukauliza hali ya mkewe.

Projest alipotuma washenga, Kashaija aliwakaribisha, akawanywesha, akawajibu.

"Kijana ni mzuri. Lakini analipwa ndizi. Mimi ndizi ninazo. Akipata kazi ya kudumu, mje. Asipopata hadi kahawa ianikwe, yuko mtu mwingine ameuliza."

Huyo mtu mwingine alikuwa Desderius, karani wa yule Mzungu wa mifugo tuliyemwita Bwana Kupe. Desderius alitoka Bukoba, alikuwa na viatu vya kamba na kalamu mbili mfukoni, na alizungumza nasi kama mtu anayefukuza kuku. Mshahara alikuwa nao.

Ndipo ikatokea nafasi. Bwana Kupe alikuwa amechoka kupeleka askari kukusanya ng'ombe wetu. Akasoma mahali, au aliota, kwamba Mwafrika akionyeshwa picha hubadilika. Akatangaza kwamba anamtaka mchoraji wa ofisi, wa mshahara wa kila mwezi, na kwamba atampima kwa kazi moja: achore kwenye kitambaa kikubwa cha marekani ng'ombe wawili. Mmoja ameogeshwa joshoni, amenenepa. Mwingine hajaogeshwa, amekonda, amejaa kupe. Kitambaa kitaonyeshwa siku ya gulio Omurushaka.

Projest alijifungia nacho. Hakumwonyesha mtu. Yule ng'ombe mnene alimchora kwa hila: alichukua sura ya Gaju, ng'ombe wa jumbe Ndyamukama, kwa sababu alijua jumbe ndiye atakayeulizwa kama kijana huyu ana tabia njema. Yule mwembamba hakumfikiria sana. Alichora tu ng'ombe, akamtoa mbavu nje, akamwekea kupe wakubwa kama maharage. Ndivyo alivyodhani mwenyewe, kwamba amechora ng'ombe tu.

Siku ya gulio ikafika. Mimi nilishika nguzo ya kushoto, na mtu mwingine aliyekosa kodi akashika ya kulia. Kitambaa kilikunjuliwa katikati yetu mbele ya umati. Juu ya mnene paliandikwa AMEOGESHWA. Juu ya mwembamba, HAJAOGESHWA. Watu wakanyosha shingo, na Bwana Kupe akatabasamu akidhani wameelewa.

Kumbe walikuwa wanatambua.

Huku kwetu, ndugu msomaji, hakuna mtu anayejua kumwona ng'ombe tu. Mtoto anayechunga anawajua ng'ombe wa vijiji vitatu kama wewe unavyowajua shangazi zako. Umwonyeshe pembe, anakuambia ya nani. Umwonyeshe mkia, anakuambia mama yake alinunuliwa wapi.

"Huyo mnene ni Gaju wa jumbe," mtu akasema.

"Ni yeye. Kamtengeneza nundu vizuri."

"Na huyu mgonjwa?"

Kisha Auleria, mama aliyekuwa akiuza vyungu pale mbele, akasema kwa sauti ya msibani, "Jamani. Huyu si Bihogo?"

Nikachungulia kutoka kwenye nguzo yangu. Ilikuwa kweli. Pembe ya kushoto imeinamia sikio. Bakabaka jeupe kwenye paji la uso, lililochanika kama jani la mgomba. Projest alikuwa ameegemea ua wa zizi la Kashaija miezi mingi akijifanya anamtazama Bihogo ili amwone Kemigisha akipita na kibuyu cha maziwa, na macho yake yalikuwa yamemchukua yule ng'ombe bila kumuuliza mwenyewe.

Kashaija alikuwepo. Alikuwa amesimama na fimbo yake, amevaa kanzu ya gulio. Sijapata kumwona mzee akikonda kwa haraka namna ile.

Hapo ndipo Desderius alipopanda juu ya sanduku kutafsiri. Yeye ng'ombe wa Rugera hakuwajua. Alikuwa anamwangalia binti tu. Bwana Kupe akasema kwa Kizungu, Desderius akageuza, na kwa kila neno alimchapa Bihogo mbavuni kwa kijiti.

"Mtazameni ng'ombe huyu. Mwenye ng'ombe huyu ni mvivu."

Watu wakamtazama Kashaija.

"Ni mchafu. Yeye mwenyewe haogi, ndiyo maana ng'ombe wake haogi."

Maneno ya kuoga nina hakika Mzungu hakuyasema. Desderius aliongeza chumvi ya kwake, kwa kuwa alimwona Kemigisha katikati ya watu na akataka kumpendeza.

"Mtu kama huyu," akaendelea, akichapa, "hata mke hastahili kuwa naye. Watoto wake wataolewa na nani?"

"Bwana karani," Kashaija akasema taratibu, "ukimpiga tena huyo ng'ombe, nitakuja hapo juu."

Desderius akacheka. "Mzee, hii ni picha."

"Ninaona kwamba ni picha. Mpige tena."

Hakumpiga. Bwana Kupe hakuelewa kilichotokea. Akaona somo limeingia, watu wana huzuni, akaenda kwenye hema lake kunywa chai na jumbe. Desderius akamfuata, akitazama nyuma.

Kashaija akamwendea Projest, aliyekuwa amesimama na makopo yake ya rangi, ametoa macho.

"Shikamoo mzee," Projest akasema.

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekukosea nini?"

"Waitu, bwana wangu, sikumkusudia Bihogo. Mkono tu."

"Mkono ndio ulimkusudia Rwegoshora. Mkono ndio unamtaka binti yangu pia?"

Umati ukacheka. Kemigisha hakucheka.

"Sikiliza, kijana," Kashaija akasema. "Wewe ndiye uliyemkondesha. Wewe utamnenepesha. Hapa, sasa hivi, mbele ya hawa walioona. Mpaka ashibe, jina la binti yangu lisipite mdomoni mwako."

Projest akatazama kule hemani. Alijua. Akigusa kitambaa kile, kazi ya mshahara imekwenda, na kazi ikienda Kemigisha amekwenda. Asipokigusa, Kemigisha amekwenda hapohapo. Nikamwambia kutoka kwenye nguzo, "Ndugu yangu, chora. Mikono inaniuma." Akaniangalia kama anataka kunipaka rangi mimi.

Kisha akavua koti, akachovya brashi.

Sijaona mchoraji akisimamiwa vile. Kila mtu alikuwa msimamizi.

"Ongeza tumbo. Bihogo ana tumbo."

"Kupe wa masikio umewaacha."

"Kiwele hicho ni cha mbuzi. Jaza."

"Pembe usiiguse, pembe iko sawa," Kashaija akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. Alikuwa amesogea karibu mpaka pua yake inakaribia rangi. "Hapo chini ya shingo kuna mkunjo. Ndiyo. Hapo hapo. Umeuonaje huo mkunjo? Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeuona."

Bwana Kupe alipotoka kwenye chai yake, alikuta ng'ombe wawili wanene wanang'aa. AMEOGESHWA alikuwa mnene. HAJAOGESHWA alikuwa mnene zaidi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kula harusini.

Mzungu akauliza kitu. Desderius akageuza, jasho likimtoka: "Bwana anauliza, mmejifunza nini?"

Nilikuwa nimekatazwa kuuliza maswali. Kujibu sikukatazwa. Nikasema, "Mwambie tumeelewa. Asiyekwenda joshoni ananenepa kuliko anayekwenda. Tunamshukuru kwa kutuonyesha, na kesho tutabaki nyumbani." Umati ukapiga makofi. Jumbe Ndyamukama peke yake alikasirika, siyo kwa ajili ya josho, bali kwa sababu Gaju alionekana mdogo.

Projest alifukuzwa kazi ambayo hakuwa ameanza. Mimi niliongezewa wiki. Kitambaa kilitupwa karibu na hema. Nikakikunja, na adhabu yangu ilipokwisha nikakipeleka Rugera, kwa kuwa niliona si haki Bihogo alale kwenye vumbi.

Kashaija alikitundika sebuleni. Gaju akafunikwa kwa mkeka. Wageni wakaja kutoka mbali, hata Kaisho, kumtazama ng'ombe, kisha wakatoka nje kumlinganisha na mwenyewe. Desderius naye alituma washenga. Kashaija aliwauliza kama mtu wao bado anapenda kupiga ng'ombe, nao wakanywa haraka wakaondoka.

Lakini kwa Projest mzee hakulegea. "Nilisema kazi ya kudumu. Hana."

Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Ndipo Bihogo akazaa. Siku ya pili yake Kashaija alimwita Projest kwa hasira.

"Ndama yuko wapi?"

"Si yuko zizini, waitu."

"Kwenye kitambaa. Watu wanakuja, wanamwona mama, hawamwoni mtoto. Wanadhani tasa."

Projest akachora ndama. Baadaye Bihogo akaumia kidogo mguu, kovu likabaki. Mzee akataka kovu. Kisha pembe ikarefuka. Kisha ndama akakua, na yule wa kitambaani bado ananyonya, jambo ambalo Kashaija aliliona ni aibu kwa nyumba. Kijana akawa anapanda Rugera na makopo yake kila baada ya siku chache, na kila akifika anakuta orodha imejaa kichwani mwa mzee.

Jioni moja, kahawa imeanza kuiva, jua bado lipo, nilikuwa nimekaa pale na kibuyu. Kemigisha akaleta ndizi zilizochemshwa, akapiga magoti, akasema, "Baba, nikuulize."

"Uliza."

"Kazi ya kudumu ni kazi gani?"

"Ni kazi isiyokwisha."

"Hii ya kumchora Bihogo itakwisha lini?"

Kashaija akageuka kumtazama Bihogo. Tulijua sote, naye alijua kwamba tunajua. Kazi ile ingekwisha siku moja tu, ile ya mwisho ya Bihogo, siku ambayo hakuna mwenye ng'ombe katika Karagwe yote atakayeitamka kwa kinywa chake, hasa ng'ombe mwenyewe akiwa anasikia pale uani.

"Haitakwisha," mzee akasema.

"Ahsante, baba," binti akasema, akainuka.

Harusi ilikuwa baada ya kahawa kuanikwa. Ndiyo, Projest alipata kazi ya kudumu, na ni ya kudumu kuliko alivyotaka, maana baba mkwe hakujua likizo, wala mvua, wala ugonjwa. Malipo yalibaki ndizi. Kitambaa kilijaa rangi juu ya rangi hadi kikawa kizito kama mlango, na siku moja kikang'oa misumari, kikamwangukia Kashaija akiwa anakisifu.

Walipomtoa chini yake, alikuwa na bakabaka jeupe kwenye paji la uso. Alimtazama mkwewe, akaonyesha paji la Bihogo kitambaani, akamwambia, "Hapa pamefutika. Lete brashi."