Kabureta Aliyeoshwa Mara Tatu

Niliota usiku wa jana, muda mfupi baada ya kumaliza sala, kwamba nimechelewa darasa la jioni na kiti changu kimekaliwa na kabureta.

Lilikuwa darasa letu lile lile la ufundi wa magari, lenye ubao uliopasuka pembeni. Wenzangu, vijana wa umri wa wanangu, walikuwa wakiandika bila kuinua macho. Kabureta alikuwa amekunja mikono. Sikujua kwamba kabureta, kile chuma cha injini kinachochanganya petroli na hewa, ana mikono, lakini kwa kuwa alikuwa amefika darasani kabla yangu, sikuona haki ya kumuuliza.

"Mama Lugano," akaniambia, "umeniosha mara tatu. Hata maiti huoshwa mara moja."

Ilikuwa kweli. Kesho yake usharika wetu wa hapa Tukuyu ulikuwa unaadhimisha jubilei, na baba yangu, Mzee Mwaijande, alikuwa ameapa. Mabati ya kwanza ya kanisa lile yalibebwa juu ya gari lake, gari lenye taa za mviringo na honi ya kubinya kwa mkono, ambalo liliingia mjini kabla sijazaliwa. Alisema gari lililobeba mabati ndilo litakalompeleka kwenye jubilei, na lisipowaka, yeye ataisikiliza ibada kwa upepo, akiwa kwenye kiti chake nyumbani. Baba hajawahi kurudisha neno lake, wala hana mazoea ya kuanza uzeeni.

Gari lenyewe lilikuwa halitaki. Asubuhi za baridi, na Tukuyu asubuhi zote ni za baridi, lilikohoa na kunyamaza. Zamani baba aliliwasha mwenyewe. Alikuwa anavua kofia, anainama ndani ya boneti, mama anazungusha ufunguo, na injini inaitika. Sisi watoto tulidhani anavua kofia kwa heshima, kama anavyofanya mlangoni mwa kanisa. Siku hizi mgongo haumruhusu kuinama, na mama alishatangulia mbele ya haki. Kazi ikabaki kwangu, kwa sababu ndimi niliyejiandikisha kusoma ufundi nikiwa na wajukuu.

Nilimwomba kabureta msamaha. Nilimweleza kwamba kila aliyepita uani alisema tatizo ni yeye.

"Uliniuliza?"

Nikakiri kwamba sikumuuliza. Akasimama, akajipangusa petroli kifuani, akanionyesha ubaoni. Mwalimu alikuwa ameandika: *Ifuate choki kutoka mkononi mpaka mdomoni.* Mwalimu hakuwepo, lakini sauti yake ilikuwepo, na ilinitaka niifuate sasa hivi kabla kengele haijalia.

Basi naifuata.

Kitufe cha choki, kile cha kuvuta kwenye dashibodi, kimekuwa kikubwa kama kigoda. Nyuma yake waya wa choki umenyooka kama barabara, na pande zote mbili kuna mashamba ya chai yaliyolowa ukungu. Natembea juu ya waya nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Hauyumbi. Nimeshika bisibisi kama watu wengine wanavyoshika mwavuli.

Nyuma yangu inapigwa honi. Ni mdogo wangu Andongwisye, ndani ya gari jeupe alilokodi Mbeya, limefungwa maua ya plastiki. Anaendesha juu ya waya kana kwamba ni barabara ya lami.

"Dada, jioni unasoma injini au Agano la Kale? Maana lile gari la baba limo humo."

Namjibu kwamba hata Agano Jipya lilianzia humo. Anacheka, ananiambia nipande, baba naye atapanda tu, mzee hana pa kwenda. Namwambia baba ana pa kwenda, na ana cha kwendea. Andongwisye anapandisha kioo. Gari jeupe linageuka kuwa sinia la maandazi na kupeperuka kuelekea Mbeya, naye ndani akiendelea kushika usukani. Simwonei huruma. Waya unaendelea, nami naendelea.

Mwisho wa waya kuna kanisa.

Ni kanisa letu, ila ukuta ni wa shaba na lina mlango mmoja tu, wa duara, ulio juu kabisa. Nikajua kwamba huo ndio mdomo wa kabureta, na mlango ule wa duara ndio choki. Ndani, viti vyote vimejaa matone ya petroli, yamevaa mashuka na kutetemeka. Upepo wa baridi unaingia mlangoni kama maji ya mto. Kila wanapofungua kinywa kuimba, upepo unawatawanya, wanakohoa mara moja, wananyamaza.

Nilimuuliza tone mmoja wa mbele, mama mtu mzima, kwa nini hawafungi mlango.

"Mwanangu," akasema, "asubuhi ya baridi sisi huwa tunataka mlango ufungwe, tukae karibu karibu mpaka tupate moto. Tukishapata moto ufunguliwe, hewa iingie ya kutosha. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini huu haufiki mwisho. Unabaki wazi kiasi cha mtu kupita."

Nikaangalia juu. Mlango ulikuwa umeshikwa na kifimbo chembamba cha chuma, kile kinachopokea amri ya waya na kuufunga. Kifimbo kilikuwa kinajivuta kwa nguvu zake zote, mpaka jasho linadondoka.

"Vuta zaidi," nikamwambia.

"Nimefika mwisho wangu, mama."

"Kifimbo cha choki kinafika mwisho wa mlango."

Akachungulia chini kwenye viti. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ili washarika wasisikie, "Mimi si kifimbo cha choki. Mimi ni spoku ya baiskeli."

Alinieleza bila kulia. Alitoka kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba, ile iliyoegemea banda. Alikatwa, akapindwa ncha, akawekwa hapa, na hakuna aliyemuuliza kama anatosha. Anapungua upana wa kidole. Miaka yote amekuwa akiona aibu mbele ya kanisa zima, naye hajawahi kukosa zamu.

Nikamuuliza, kama yeye ni mfupi, gari liliwakaje miaka yote hiyo.

Kabla hajajibu, kofia ya baba ikaingia. Ilitembea katikati ya viti bila kichwa chini yake, ikapanda mpaka mlangoni, ikakaa juu ya uwazi ule na kuuziba barabara. Upepo ukakatika. Matone yakasogeleana. Yule mama wa mbele akaanzisha wimbo, wakapokea, na kanisa zima likaanza kutetemeka na kunguruma, taratibu kwanza, halafu kwa sauti ile ile niliyoisikia utotoni nikiwa bado kitandani.

Kofia ikanigeukia. "Choki ni mimi," ikasema. "Tangu mdogo wako hajazaliwa."

"Mbona baba hakutuambia?"

"Mwenye gari la kwanza Tukuyu hawezi kusema linawashwa kwa kofia."

Nikaona ni kweli, na nikajivunia baba hata kwa hilo. Lakini kofia yenyewe ilikuwa imechoka, ukingo wake umeliwa na petroli. Nikauliza kifimbo halisi kiko wapi. Kofia ikaonyesha kwa kidole, ingawa haina.

Niko sebuleni kwetu. Mama amesimama juu ya stuli, amevaa kitenge cha kijani alichozikwa nacho, ananing'iniza ile picha ya baba akiwa kijana, ameweka mguu kwenye bampa la gari. Picha imekaa kwenye chuma chembamba kilichopindwa ncha zote mbili. Nimekiona chuma kile maisha yangu yote. Nilidhani ni ndoano ya ukutani.

"Mama, hicho ni kifimbo cha choki."

"Najua ni cha gari," akasema. "Nilitaka picha ikae mahali wageni waione. Msumari haukuwepo. Nikachukua kilichokuwa karibu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alichukua kilichokuwa karibu kutoka kwenye gari, baba naye akachukua kilichokuwa karibu kutoka kwenye baiskeli, na picha ya gari ikatundikwa kwa kipande cha gari lenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nyumba yetu ni ya watu wenye heshima.

Nikamwambia sina kitu kingine cha kushikia picha. Mama akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akaishusha, akaiegemeza kwenye kiti cha baba.

"Basi ikae chini. Leo anatoka mwenyewe. Picha ya nini?"

Akaniwekea kifimbo mkononi. Kilikuwa cha moto kama mkate.

Narudi juu ya mlango wa shaba. Natoa spoku, nambusu, namwambia kazi amefanya. Natia kifimbo cha kweli, kinaingia kwenye tundu zake kama mtu anayerudi kitandani kwake. Kule mwisho wa waya kuna mkono unavuta kitufe. Mlango unafunga mpaka mwisho. Kofia inajikuta haina kazi, inajipangusa, inaniuliza sasa iende wapi. Kabla sijaijibu, kanisa lote linasema amina, na amina ile ikawa sauti ya baba nyuma ya ukuta.

"Nani ameteremsha picha yangu?"

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumekucha. Nilipiga magoti kando ya kitanda na kushukuru, kisha nikatoka. Picha ilikuwa imeegemea kwenye kiti cha baba, imefutwa vumbi, na ukutani palikuwa na tundu tupu. Nilipita uani, nikampita Andongwisye akifunga maua ya plastiki vizuri zaidi kwenye gari lake la kukodi, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli, nikainama kwenye gurudumu la nyuma.

Spoku zilikuwa zimetimia. Moja ilikuwa fupi kuliko wenzake, imepinda ncha, na ilipogusa kidole changu ilikuwa bado mbichi kwa petroli.

Sikufungua boneti. Nilirudi ndani, nikamkuta baba amekwisha kuvaa suti, ameshika kofia mkononi kama kawaida yake ya asubuhi, akilielekea gari.

"Baba," nikamwambia, "leo ivae kichwani."