Magurudumu ya Tshibangu

Siku ambayo Tshibangu hakurudi, mke wake Misenga alikuwa ameshapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kuifunika. Ilikuwa wakati wa vita. Treni zilikuwa zimekufa, na wanaume wa reli waliobaki mjini Kindu, Tshibangu akiwa mmoja wao, walifunga mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, wakasukuma kigari hicho kwa miti, kama wapiga pondo mtoni, hadi Kibombo kutafuta mchele. Sombe ikachacha. Baadaye wanawake waliokimbia kutoka huko walikikuta kigari kimesimama njiani, kitupu, ndala moja juu ya mbao. Wakakisukuma mpaka mjini.

Misenga aliomba matanga. Wazee wa mtaa wakakataa: maiti iko wapi? Nani anamlilia mtu ambaye pengine yuko hai? Hakuna aliyetandika mkeka, hakuna aliyekuja kumnyoa nywele kama mjane. Basi akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Mikelenge, akazika magurudumu na ile ndala, aliyoijua kuwa ya mumewe, akasimika msalaba. Watu walimwita mke wa reli, wakicheka.

Vita vikaisha, simu zikaja, pikipiki zikajaa. Halafu vyote vikafa kwa juma moja. Antena zilinyamaza, vioo vya sola havikuwasha kitu, ndege ziliacha kutua, mafuta hayakufika tena. Hakuna aliyejua sababu. Mchele ukaisha sokoni, na makanisani wakahubiri mwisho wa dunia.

Ndipo Florentin, shefu wa mtaa, akaja kwa Misenga pamoja na Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo ambaye malori yake yalikuwa yamelala. Walibeba majembe.

"Mama Misenga," Florentin akasema, "mji unakufa njaa. Reli ya Kibombo bado iko. Tunakosa magurudumu tu. Yale mengine yote yaliuzwa kama chuma chakavu."

"Yako kwenye kaburi la bwana yangu."

"Mama, mule hamuna bwana," Mbusa akasema. "Muko chuma."

Misenga akaweka mchi chini.

"Papa Mbusa, wewe ulikuwa kwenu Butembo, nakusamehe. Lakini baba ya huyu shefu alikaa hapa kwenye baraza yangu, akasema bila maiti hakuna matanga. Leo munalia mwisho wa dunia. Yangu iliisha ile siku, na nyinyi mulikula, mukalala. Kama si kaburi, mbona munakuja kuomba? Mungechimba tu."

Florentin alitazama jembe lake. "Unataka nini, mama?"

"Matanga yake. Mkeka, moto, watu kulala nje. Na mutu wa ukoo wako aninyoe, kwa sababu ukoo wako ndio ulikataa."

"Na chakula cha matanga tutakitoa wapi na hii njaa?" Mbusa akauliza.

"Mulie na njaa. Mimi nililia hivyo."

Wakalia na njaa. Euphrasie, dada yake Florentin, alimnyoa kwa wembe, na nywele zilizoanguka kwenye mkeka zilikuwa nyeupe zote. Wale waliokuwa wakicheka hawakuinua macho.

Kulipokucha, Misenga alipiga jembe la kwanza. Magurudumu yalikuwa na kutu, lakini yalizunguka. Ndala haikuwa imeoza hata kidogo. Akairudisha shimoni, akafukia, akasimamisha msalaba tena.

Sasa kigari kinaenda Kibombo na kurudi na mchele, wanaume wakikisukuma kwa miti, na Misenga anaitwa mjane wa Tshibangu.