Mawe ya Mfukoni

Fundi cherehani alikuwa akishona mfuko wa turubai ndani ya suruali ya kitinda mimba wake, mfuko mpana wa kutia mawe. Mwenye suruali alikuwa juu, mgongo umegusa bati, akimsubiri amalize.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Unga ulioshushwa bandarini haukuwa wa kukaa, ulikuwa wa kusafirishwa nchi za mbali, na makuli walioubeba walilipwa kwa unga huohuo. Huo wa malipo ndio uliobaki mtaani. Kijana akiutumia sana, miguu yake iliachana na ardhi. Wakubwa walisema ni mzigo wa kupita tu, watu wasitie chumvi.

Kina mama walijaa kibarazani kwa fundi na suruali za wana wao.

"Kokoto je?" aliuliza jirani.

"Zitamwagika akiinama, dada. Lete mawe, tena ya duara, yasimchubue."

Kijana akavaa, akashuka, akatembea. Alikwenda hata kuomba kazi gereji, na mama yake akaanza kutumaini. Maskini, hakujua.

Mkuu wa usalama wa bandari, mteja wa fundi wa siku nyingi, alileta suruali ya sare ipanuliwe kiuno. Akiwa anapimwa, aliona mawe yamepangwa kwenye beseni, akauliza, akajibiwa. Baada ya wiki ikatoka amri: mawe mfukoni ni silaha, yanahatarisha usalama.

Askari walimsimamisha kijana nje ya gereji.

"Haya ya nini?"

"Yananishikilia chini, afande."

"Toa yote."

Akayatoa. Akapanda taratibu, kiatu kikamvuka, na askari mmoja akakiokota akakiweka vizuri kando ya ukuta. Mama alifika mbio na kamba ya kuanikia nguo. Akairusha, kijana akaidaka, akajifunga kiunoni. Mama akamvuta mpaka nyumbani, akaifunga kamba kwenye mguu wa cherehani pale kibarazani, akalia mpaka macho yakamvimba. Kisha akarudi kwenye suruali ya mkuu, maana ilikuwa inachukuliwa jioni.

"Mama!" kijana aliita kutoka juu ya paa. "Huku naona bandari yote. Wanapakua unga. Mkuu mwenyewe kasimama pale, anawafungulia geti."

Fundi alitazama huku na huku barabarani.

"Punguza sauti, mwanangu," alisema. "Geukia upande wa pili."

Kijana akageuka.