Aliyekubaliwa na Madoa

Tangu asubuhi Kitinda alikuwa na neno kooni, na kila alipotaka kulitoa, mtu alimwomba sukari. Jumatatu anahamia mjini. Mshonaji mmoja karibu na soko amempa cherehani na chumba cha kulala nyuma ya duka. Basi, ni hilo tu. Lakini nani angempa nafasi ya kusema? Kaka yake mwalimu na dada yake muuguzi huja kumjulia hali baba mara moja kwa mwaka, na wakija, sebule nzima hujaa utoto wao.

"Mnayakumbuka mapera ya kule bondeni?" dada alisema, miguu ameinyoosha. "Wanangu huwa nawaambia, nyie hamkulelewa, mmefugwa."

Kitinda alitabasamu kwa adabu. Shamba alilolikumbuka yeye lilikuwa jingine. Lilikuwa na baridi ya alfajiri, tope la zizi likipenya katikati ya vidole, na migongo ya hao wawili ikipotelea kwenye kona ya njia siku walipokwenda shule ya bweni. Zamu yake ilipofika, hakwenda. Nani angemkamua Madoa? Ng'ombe yule hakumtaka mtu. Kaka alipigwa teke, dada alimwagiwa ndoo nzima, na mama alikuwa hoi kitandani. Ndipo Kitinda, mtoto wa miaka tisa, alipoegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama, akashika chuchu, na maziwa yakaja bila shida. Baba alimnyanyua juu mbele ya wote. "Huyu ana mkono wa pekee," alisema.

Kichwa kilimvimba, na kwa nini kisivimbe? Ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa nyumbani kwao, na aliishi nayo miaka thelathini. Mama alikufa, Madoa akafa, wakaja binti zake na wajukuu zake, na ndoo ilibaki mkononi mwa Kitinda huyo huyo.

"Kaka, nina jambo," alianza.

"Ngoja kwanza, leo nitoboe siri." Kaka alikuwa tayari anacheka. "Mateke ya Madoa mnayakumbuka?"

"Wewe, usiseme," dada alisema, naye mbavu hana.

"Tulikuwa tunamfinya! Kwa kucha, hapo kwenye kiwele. Anaruka, sisi tunakimbia tunalia. Nani angetutuma tena?"

Kitinda aliweka sinia mezani, akakaa. "Kwa hiyo alikuwa mpole."

"Kondoo kabisa yule," kaka alijibu, akifuta machozi ya kicheko. "Angekamuliwa na yeyote."

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Alimgeukia baba, aliyekuwa dirishani amejifunika blanketi. Mzee hakuwa akicheka.

"Baba, ulijua?"

"Alama za kucha zilionekana, mwanangu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, mngeondoka nyote watatu."

Kicheko kilikatika. Kaka alijifanya anatafuta kijiko. Kitinda alitazama viganja vyake, vigumu, vimepasuka kwenye maungio, akaona aibu kwa jinsi alivyovionea fahari.

"Jumatatu naondoka," alisema. "Nimepata kazi mjini."

Kaka na dada walitazamana.

"Na baba je?" dada aliuliza. "Wewe ndiye unayemjua, mdogo wangu. Sisi hata dawa zake hatujui zinakaa wapi."

"Kabatini, rafu ya juu."

Zizini ng'ombe alilia. Saa ya kukamuliwa ilikuwa imefika. Magoti ya Kitinda yalianza kunyanyuka yenyewe, maana hayakujua kingine, naye akayashika kwa mikono miwili, akayabana. Alimwonea huruma mnyama. Alimwonea huruma baba pia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ng'ombe alilia tena, safari hii kwa sauti ndefu. Wote wanne walimsikia, na hakuna aliyeinuka.