Nyundo ya Karanga ya Bibi Mwajuma

Mi niliiba nyundo ya bibi yangu. Nasema wazi, maana video iko, na Muyinga yote wameiona.

Ni nyundo ya mti, fupi, nyeusi, kichwa chake kimejaa mistari. Bibi Mwajuma anapigia karanga. Sasa kule Gitega, Mushasha, ninakosoma, mwalimu Nazario alikuwa anatafuta vitu vya wakati wa Wajerumani, vya onyesho la shule. Mwenye kuleta kitu kinachoshinda vyote, ndiye atashika mikro na kueleza watu. Mikro ile niliitaka mpaka chakula hakishuki.

Bon, nyundo kwenye mfuko, mi kwenye basi.

"Hii ya nini, Shafii?" mwalimu akauliza.

"Ya komanda wa Kijerumani. Alikuwa anagonga nayo meza akikata kesi. Kila mstari, kesi moja."

"Kesi ngapi?"

"Arobaini na moja." Nilikuwa nimehesabu njiani.

Siku yenyewe nikapewa mikro. Simu nikaisimamisha juu ya meza, video inaenda moja kwa moja. Nimefika kesi ya tatu, mwizi wa mbuzi, mama mzee mmoja akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Emerensiana, ametoka Bugendana kwa mguu.

"Yampayinka! Mwanangu, huyo mzungu alikuwa anakata kesi ama anapiga magome?"

Akaninyang'anya nyundo. Akaagiza gome bichi la ule mti wa umuvumu wa nyuma ya darasa, akalilaza juu ya gogo, akapiga. Gome likapanuka kama chapati, mistari ikabaki juu yake, mizuri sana.

"Hii ndiyo impuzu, nguo ya magome. Bibi yangu alivaa hii, vitambaa vya duka bado havijafika. Sasa tuambie, alikuwa amevaa kesi?"

Watu wakafa na kicheko. Mwalimu akanyoosha mkono achukue mikro.

"Ngoja mwalimu, naeleza..."

Simu ikalia. Bibi! Alikuwa anaona yote kwenye simu ya jirani. Nikapokea, sauti ikapita kwenye mikro.

"Shafii! We mwizi! Toka juzi natwanga karanga na jiwe!"

"Bibi, shikamoo..."

"Shikamoo ya nini? Nyundo ni ya babu yangu! Alikuwa anatengeneza nguo za magome. Kitambaa cha amerikani kilipofika Muyinga wateja wakamkimbia, akajifunza cherehani, nyundo akampa mke wake ya karanga. Komanda gani? Kwetu hakuna mzungu alikula karanga!"

Mwalimu akampa Emerensiana mikro. Wale mama wawili wakaongea saa nzima, wanabishana babu wa nani alipiga gome laini zaidi. Mi kazi yangu kushika simu.

"Kwa hiyo, ndugu watazamaji..." nikajaribu.

"Nyamaza!" Wote wawili.

Kwenye kadi ya maelezo ya nyundo mwalimu akafuta komanda, akaandika: *Nyundo ya kupigia impuzu.* Bibi akakataa kukata simu mpaka iongezwe: *na karanga.*

Sasa niko Muyinga, jikoni, nyundo mkononi, karanga kilo kumi mbele yangu. Kila nikipiga, Bibi anauliza, "Hiyo kesi ya ngapi, komanda?"