Ng'ombe wa Hereni ya Manjano

Maziwa ya kwanza yalitoka na vipande, kama jibini iliyovunjwa. Consolée aliyakamulia kiganjani, akayaangalia, akapangusa mkono kwenye majani haraka. Titi la nyuma lilikuwa limevimba, limewaka moto. Alipoligusa tena, ng'ombe alirusha teke.

Alimkuta Dokta Archange akipanga vichupa vya damu kwenye boksi la barafu.

“Dokta, ile ya Mama Mukashema iko mugonjwa. Tuipige dawa.”

“Ya hereni ya manjano?”

“Njo ile.”

Dokta hakuinua kichwa. Tangu afike na chanjo yake ya ugonjwa wa kiwele hapa Burungu, kwenye shamba la Papa Léopold, alikuwa ameeleza mara nyingi, kwa upole. Haina kijidudu kizima. Ni protini moja tu ya kijidudu, imetengenezwa maabara, ili mwili wa ng'ombe umjue adui kabla hajafika. Wenye hereni za buluu walidungwa hiyo. Wa manjano walidungwa maji ya chumvi.

“Tukiitibia, tutajuaje kama chanjo inafanya kazi? Acha tuone.”

“Titi itakufa.”

“Fikiria ng'ombe zote za Masisi, Consolée.”

“Za Masisi ziko na benyewe. Ule mama iko na hii moja tu.”

Sasa aliinua kichwa. “Nani alimuambia ng'ombe yake itachanjwa? Mimi? Papa Léopold anataka mukamuaji hana mudomo mingi. Unajua.”

Consolée alijua. Na ni yeye aliyemwambia Mukashema, kwa kuwa naye aliamini hivyo. Mukashema alikimbia vita Ngungu na wajukuu wake na huyo ng'ombe. Kambini Kitshanga hapakuwa na majani, basi akamkabidhi Consolée kamba mbele ya majirani, kama desturi inavyotaka. Desturi inataka na hili: anayechunga ng'ombe wa mwenzake akiona ugonjwa, anapeleka habari kabla hajala.

Siku ile Consolée alikula viazi vyake. Kesho yake pia alikula. Alijiambia barabarani kuna watu wa bunduki. Walikuwapo kweli, lakini wamama wa soko walikuwa wakipita.

Mukashema alikuja mwenyewe, siku ambayo wageni wa mradi wa chanjo walifika na kamera. Titi lilikuwa limekauka, jeusi, na la pili linavimba. Alimpapasa ng'ombe tumboni.

“Walimupiga sindano?”

“Walimupiga, Mama.”

“Na bado ugonjwa imemushinda.” Alishika mikono yote miwili ya Consolée. “Usijitese, mutoto yangu. Bila ninyi angekuwa alisha kufa.”

Consolée alifungua mdomo. Dokta Archange alikuwa amesimama nyuma yao.

“Mama, shika kamba, wageni waone,” alisema. “Ng'ombe yako imetufundisha sana.”

Wakamleta wa hereni ya buluu, kiwele chake laini, wakamsimamisha kando. Mukashema alikaza kitenge, akajinyoosha kama mtu aliyeitwa mbele kanisani.

“Consolée, kamua.”

Aliinama. Alibana titi la pili, na usaha ukatoka taratibu, ukaangukia kwenye kikombe. Ng'ombe alilia. Kamera ikapiga picha.

“Tena,” mgeni mmoja alisema. “Mama hakutazama huku.”

Mukashema aligeuza uso, akatabasamu. Consolée akabana.